Nilibadilisha Kila Kitu Isipokuwa Ng'ombe

Shangazi Dorotea, shangazi yake mchumba wangu Miriamu, alinipigia simu Jumanne saa tatu asubuhi, nikiwa natoa nakala ya kitambulisho cha mteja. Hakunisalimia.

"Wewe ndiye Hezron mwandishi?"

"Ndiyo, shangazi. Shikamoo."

Marahaba hakuitoa. "Kesho saa nne uwe Butiama, kwa mama yake Miriamu. Njoo peke yako, na uje na mdomo wa kusomea. Karatasi ninazo mimi."

Simu ikakatika. Mteja akaniuliza kama mashine imeharibika, maana nilikuwa nimesimama tu na kitambulisho chake mkononi kama sijawahi kuona sura ya mtu. Nilijua ni karatasi gani. Nilijua pia kwamba Jumamosi ya wiki ileile wazee wangu kutoka Murangi walikuwa waende Butiama kunipelekea posa, na kwamba kuanzia dakika ile posa hiyo ilikuwa imening'inia kwenye uzi.

Ngoja nijieleze, ingawa mwenye kosa siku zote hujieleza kuliko anavyoulizwa. Mchana ninafanya kazi stesheneri pale Musoma, karibu na stendi: barua, nakala, picha za pasipoti. Hiyo ni kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ni riwaya ninayoiandika mwaka wa tatu sasa, ya ufalme ulio chini ya ziwa. Mfalme wake ni kamongo, samaki yule anayejifukia kwenye tope wakati wa kiangazi na kusubiri mvua. Kila Ijumaa natuma sura moja kwenye kundi la simu, na wasomaji wanasambaza hadi kusikojulikana.

Ninaandika kwa mkono, kwenye daftari kubwa la kaunta, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, mlango wa duka ukiwa nusu wazi na kikombe cha uji wa ulezi pembeni. Siandiki sentensi mpaka niitamke kwa sauti, kwa hiyo wanaopita kwenda sokoni wamenizoea nikibishana na mamba. Ufalme wenyewe ulianza nikiwa mtoto. Nilimuuliza baba, ambaye ni mvuvi, samaki wanaona nini wakitazama juu wakati taa za dagaa zimewashwa. Akasema, "Wanaona nyota." Nimeishi kwa jibu hilo mpaka leo.

Chanzo changu cha pili kilikuwa Miriamu. Ana chumba cha ushonaji mtaa wa Nyasho, mashine mbili na kioo kirefu. Miriamu akiwa anashona, macho kwenye kitambaa na pini mdomoni, husema mambo ambayo akinyanyua kichwa hawezi kuyasema. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, nazitazama nywele zake shingoni zilizokataa kubanwa, na kusikiliza. Likitoka neno zuri, nilikuwa nasema, "Samahani, napokea simu," natoka nje, natoa kidaftari mfukoni na kuliandika. Nilikuwa nikiita jambo hilo msukumo wa uandishi. Jina lake halisi ni udokozi.

Ndivyo nilivyoipata habari ya mama yake. Siku moja ya mvua, akiwa anapinda gauni la mtu, Miriamu aliniambia kitu alichokuwa hajamwambia mtu yeyote Musoma. Bibi yake, Jenoveva, alikuwa mjane mwenye mabinti watupu. Kwa desturi ya kwao, nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi ikafa: mwanamke anatoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wanabeba jina la nyumba ile. Wanaiita nyumba ntobhu. Bibi Jenoveva alimwoa Nyangi, na Nyangi akamzaa Miriamu. Nyamhanga, jina analolitumia Miriamu kama la baba, ni la mume wa bibi, aliyefariki miaka mingi kabla Miriamu hajazaliwa. Baba aliyemzaa hajatajwa hata siku moja. Shuleni bwenini walimcheka mpaka akajifunza kusema baba amekufa, akaishia hapo.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Nani nimwambie?" nilijibu. Nusu saa baadaye nikapokea simu ambayo haikupigwa.

Niliibadilisha, nawaapia. Bibi nilimfanya malkia wa maji. Butiama niliishusha chini ya ziwa, pima arobaini. Majina yote mapya. Lakini Miriamu alikuwa ameniambia pia habari ya ng'ombe mmoja wa mahari ile, ng'ombe mwekundu ambaye pembe yake moja ilikunjika mpaka ikaligusa jicho. Mara tatu walimpeleka kwa wazazi wa Nyangi, mara tatu akarudi mwenyewe kwa Bibi Jenoveva. Nilimpenda sana ng'ombe yule. Nikamtia kwenye ufalme wa samaki jinsi alivyo, na pembe yake na safari zake tatu. Sisi wa ziwani kwetu ng'ombe ni ng'ombe. Sikujua kwamba kwa wenye mifugo, ng'ombe wa namna hiyo ni sawa na kuandika jina, ubini na namba ya simu.

Sura ilifika Manyamanyama, Bunda, anakoishi Shangazi Dorotea, binti mkubwa wa Bibi Jenoveva. Wanakwaya wenzake walimpelekea simu wakamuuliza, "Huyu si yule ng'ombe wa kwenu?"

Miriamu alinisubiri pale bodaboda iliponishusha, kwenye mwamba uliotandazwa muhogo wa kukausha. Alikuwa amevaa kitenge cha nyumbani na macho yamevimba. Nilitaka kumshika mkono. Aliurudisha nyuma.

"Nimekuja," nilisema.

"Nimekuona."

"Miriamu, majina nilibadilisha."

"Ulibadilisha."

"Na kijiji nilikipeleka chini ya maji."

"Na ng'ombe?"

Nikatazama muhogo.

"Nakuuliza, Hezron. Ng'ombe ulimbadilisha?"

"Sikujua ng'ombe anajulikanaga hivyo."

"Kwenu mtumbwi haujulikanagi? Ningeandika mtumbwi wa baba yako, na kile kiraka cha bati ubavuni, watu wa Murangi wangesema ni mtumbwi wa nani?"

Miriamu akateremsha sauti, na hapo ndipo alipoanza kuniumiza kweli.

"Siku ile niliyokuambia. Ulinipa pole. Ulinifuta machozi na kitambaa cha mteja. Halafu ukatoka."

"Nilitoka."

"Kupokea simu."

"Miriamu..."

"Kuna mtu alikupigia?"

Ningeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi yangu, na watu wananishukuru. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba adanganywe vizuri, na sikuweza.

"Hakuna aliyenipigia."

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili, taratibu. Ningependelea anizabe kofi. "Mwaka mzima nilikuwa nafikiri wewe ni mtu wa simu nyingi," alisema. "Twende. Wanakusubiri."

Mama Nyangi alitupokea mlangoni. Nilikuwa nimeshamwandika mrembo, mnyonge, amekondeana. Aliyenishika mkono alikuwa mama mnene kiasi, kiganja kigumu cha jembe, na mwanya katikati ya meno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechoka na njia? Kaa. Chai ipo."

Alinimiminia chai ya maziwa na kunisogezea kiazi kitamu. Sijawahi kunywa kitu kichungu kama chai ile yenye sukari vijiko vitatu. Shangazi Dorotea alikaa upande wa pili wa sebule, mkoba mapajani, miwani imeshuka puani. Akafungua mkoba, akatoa karatasi kumi na moja zilizobanwa na pini. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba aliyewachapia Bunda wino wake ulikuwa hafifu.

"Soma," alisema shangazi. "Yote. Asikie mwenyewe."

"Shangazi, niombe radhi tu, niwa..."

"Radhi utaiomba ukishasoma. Utaiombaje kabla hatujasikia ulichofanya? Mama yake Miriamu haonagi maandishi ya simu. Kundi zima la kwaya limesoma, yeye peke yake ndiye hajasoma. Soma!"

Nikasoma.

Nilianza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Nikamsoma malkia wa maji, mjane, mwenye kucha ndefu kama miiba ya sangara, aliyekusanya mabinti na kukosa mrithi. Nikamsoma msichana aliyeletwa amefungwa kwa majani ya ziwa, akalia siku saba mpaka maji yakakolea chumvi. Nikamsoma ng'ombe. Na hapa nina jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji. Nilipofika kwa ng'ombe, sauti yangu ilipanda. Sentensi zilikuwa nzuri. Nilinyamaza kidogo pale panapostahili kunyamaziwa, nikashusha sauti pale ng'ombe anaporudi mara ya tatu, nikanyanyua macho kuona kama yamewaingia. Nilikutana na macho ya Miriamu. Alikuwa ameniona nikifurahia. Joto lilinipanda kutoka kifuani hadi kwenye masikio, nikarudi kwenye karatasi na sauti ya msiba.

"Endelea," alisema mama Nyangi. Alikuwa anasikiliza mikono imekunjwa, kichwa kimeinama upande.

Niliendelea mpaka pale mtoto anapokua. Nikasoma: "Na kila mwanamume aliyepita njiani, binti alimtazama masikio, aone kama yanafanana na yake."

"Rudia hapo," alisema mama.

Nikarudia. Katika sura ya pili ya riwaya yangu nilikuwa nimeandika kwamba watu wa maji hawana masikio kabisa. Nililisahau hilo kwa sababu ya utamu wa sentensi, na sentensi haikuwa yangu.

Mama Nyangi alimgeukia binti yake. "Haya ya masikio ni ya huyu kijana au ni ya kwako?"

Miriamu alikuwa anasokota ncha ya kitenge. Masikio yake madogo, yaliyochongoka kidogo juu, ambayo mimi nimeyapenda tangu siku ya kwanza, yalikuwa wazi mbele yetu sote.

"Miriamu. Nakuuliza."

"Ni ya kwangu, mama."

"Unatazamaga watu masikio?"

"Nilikuwaga natazama."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu."

Nje kulikuwa na kuku anayetangaza yai lake kana kwamba hakuna aliyewahi kutaga. Mama Nyangi alifungua mikono, akaitazama, akaikunja tena.

"Miaka yote hiyo hukuniuliza."

"Niliogopa utalia."

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mimi ninaliaga? Huyu ndiye anasema nililia siku saba." Alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nililia lini, mwanangu? Nani alikwambia? Nilikuja hapa na miguu yangu mwenyewe. Kwetu baba alikuwa akilewa tunalala kwenye mtama. Yule mama aliyenioa hajawahi kuninyooshea hata ufito. Nikiumwa, yeye anaenda kisimani. Huyu nilipomzaa, yeye ndiye aliyemwogesha, akampa jina la mama yake la kanisani. Wewe umeniandika nimefungwa kamba."

"Nilikosea, mama."

"Hukukosea. Hukuuliza."

Shangazi Dorotea alikuwa amevua miwani. Machozi yalimtiririka waziwazi na hakujisumbua kuyafuta. "Mimi kwaya sijali sana," alisema, ingawa ni dhahiri alijali. "Watasema, watachoka. Lakini huyo malkia ni mama yangu. Umemwekea kucha. Mama yangu alikuwa anakata kucha kila Jumamosi jioni kwa ajili ya kanisa, na sisi anatukata. Kila Jumamosi. Mpaka anakufa. Sasa mtu wa Tarime huko akimsoma, anamwona na kucha."

Ningeweza kuwaambia kwamba katika hadithi za namna yangu malkia lazima atishe kidogo. Niliwahi kuifundisha kanuni hiyo kwa vijana wawili wanaotaka kuandika. Pale sebuleni, mbele ya binti wa marehemu, kanuni ilikuwa takataka. Nilipiga magoti kwenye saruji. Sikupanga, magoti yalikwenda yenyewe.

"Shangazi, mama, nisameheni. Nilichukua vitu vya nyumba hii bila kubisha hodi. Nitaifuta sura yote. Nitawaandikia wasomaji..."

"Usifute," alisema mama Nyangi. "Ukifuta watasema ilikuwa kweli. Andika upya. Andika sikulia. Hata hii ya leo uiandike, wajue nilikwambia mimi. Na kucha za mama zikate."

"Nitaandika."

"Inuka, utachafua suruali." Akamgeukia binti yake na kumtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyekuwa na homa siku nyingi bila kusema. "Nilifikiri huna haja na baba aliyekuzaa. Hukuuliza, nikasema basi, amelelewa akashiba. Mtu huyo nitakutajia. Leo hii. Dorotea anamjua, atanisaidia nikisahau." Kisha, bila kugeuka: "Wewe kijana, toka nje."

Nikatoka.

Nataka mnielewe nilivyo. Mwaka mzima nimeibeba habari hii. Nilikuwa nimetunga baba wanane wa kubuni kwa ajili ya binti yule wa maji: mfanyabiashara, nahodha, mwalimu, hata jini. Na sasa jina la kweli lilikuwa linatajwa upande wa pili wa ukuta wa tofali, na dirisha la sebule lilikuwa wazi. Miguu yangu ilipiga hatua mbili kuelekea dirishani kabla sijaikamata. Mbili kamili, nilizihesabu. Hakuna aliyeniona. Nikageuka, nikatembea haraka mpaka mwisho wa shamba la muhogo ambako hakusikiki kitu, nikakaa juu ya jiwe na kuziba masikio kwa viganja ingawa hapakuwa na cha kusikia. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mwenye wasomaji elfu mbili, nimeziba masikio shambani kwa watu.

Jua lilishavuka utosi Miriamu alipokuja. Uso ulikuwa umelowa na umetulia. Alikaa kwenye jiwe langu, mwisho kabisa wa jiwe, akiacha nafasi ya mtu wa tatu kati yetu. Nilimtamani kwa namna ambayo sikuwahi kumtamani, na ndiyo siku ambayo sikustahili hata kuikaribia ile nafasi.

Tulikaa. Alikuwa anangoja kitu. Nikaelewa anangoja nini.

"Hutaniuliza?" alisema.

"Hapana."

"Unataka kujua."

"Nataka mpaka kifua kinauma."

"Niulize basi. Nimeshasikia, hainiumizi kama nilivyofikiri. Naweza kukwambia."

"Usiniambie, Miriamu." "Ukiniambia sasa hivi nitakupa pole, nitakushika mkono, na wakati huohuo humu kichwani nitakuwa natafuta sentensi. Najijua. Nilipokuwa natoka mle ndani nilikwenda dirishani. Hatua mbili. Halafu nikarudi. Mimi bado sijawa mtu wa kuambiwa."

Alinigeukia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinitazama sawasawa, mwili mzima, kama anavyomtazama mteja kabla ya kukata kitambaa. Sikujua alichokiona. Mkono wake ulivuka ile nafasi, ukanitoa punje ya udongo kwenye goti nilipopigia magoti, ukarudi.

"Wazee wako wasije Jumamosi," alisema.

Nilikuwa nimelitarajia, na bado lilinikata maini. "Waje lini?"

"Siku ukiwa mtu wa kuambiwa."

"Nitajuaje?"

"Mimi nitajua." Akasimama, akajipangusa kitenge. "Sijasema hapana, Hezron. Nisikie vizuri, usije ukaandika nimesema hapana."

Alirudi kwa mama yake. Nikabaki nimekaa mpaka kivuli cha muhogo kikanifikia miguuni, kisha nikampigia baba simu Murangi. Alikuwa kwenye nyavu, nilisikia upepo. Nikamwambia safari ya Jumamosi imesogezwa.

"Imesogezwa?" alipiga kelele juu ya upepo. "Wametukataa?"

"Hawajatukataa, baba."

"Wameona mahari imepungua? Sema, tuongezee."

"Mahari imetosha," nilimwambia. "Nimepungua mimi."